Goti la Mlezi

Daktari Lyatuu alilishika goti la Somoe kwa mikono miwili, kama mtu anayepima papai kama limeiva, kisha akauvuta muundi kuja mbele. Muundi ukaja. Haukupaswa kuja, lakini ulikuja taratibu, kama droo iliyopakwa mafuta, na ulipofika mwisho haukugota popote.

Somoe aligeuza uso ukutani. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu goti hilo liseme "pu!" mbele ya uwanja uliojaa, na maumivu alikwisha kuyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni ule mtelezo. Kuhisi mfupa wake ukitembea ndani ya nyama bila idhini yake kulimtia kichefuchefu, akameza mate mara mbili asije akatapikia kitanda cha watu.

"Umekatika wote," alisema daktari. "Ukano wa msalaba wa mbele. Hakuna uzi hata mmoja ulioshika."

Somoe Chinguile alikuwa na miaka ishirini na tisa, nahodha na winga wa kushoto wa Malkia wa Kusini. Timu hiyo ya Mtwara ilikuwa imeingia fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe, na fainali yenyewe ilikuwa wiki kumi mbele.

"Niambie njia zilizopo, Daktari. Zote, usinifiche."

"Unaweza kuacha bila kupasuliwa. Utafanya mazoezi, misuli ya paja itabeba kazi, sokoni utakwenda na ngazi utapanda. Mpira utausikia kwa majirani."

"Endelea."

"Kuna upasuaji wa mababu zetu, na bado ni mzuri. Nakata theluthi ya ukano wako ulio chini ya pia ya goti, pamoja na kijipande cha mfupa kila ncha, natoboa tundu huku na huku, naupitisha humo. Au nachukua kano mbili za nyuma ya paja, nazikunja, nazisuka kuwa moja. Wengine hutumia ukano wa marehemu, uliosafishwa, lakini kwa mchezaji kama wewe huo hukatika tena upesi. Sikushauri."

"Na huo wa mababu huchukua muda gani?"

"Miezi tisa. Watu hawajui, ukano ukihamishwa hufa kwanza. Unakaa mle ndani kama kamba tu, mpaka mishipa midogo ya damu iutambae na kuuamsha. Mwezi wa pili na wa tatu huwa dhaifu kuliko siku niliyoushona. Ukiharakisha, utarudi kwangu unalia."

Somoe hakuuliza njia ya nne, maana ligi nzima iliijua. Golikipa wao alikatika ukano mwaka juzi akarudi uwanjani baada ya wiki saba, anaruka kama swala. Watu waliziita kano hai. Hakuna aliyeuliza zinatoka wapi.

"Wa kwako uko tayari," alisema daktari.

"Uko tayari vipi, na mimi nimeumia juzi?"

"Klabu haingoji mvua inyeshe ndipo iezeke. Siku uliyosajiliwa ulitoa kipande cha ngozi, unakumbuka? Tumeotesha kutokana na hicho. Ni nyama yako mwenyewe, mwili wako hautaukataa, na unakuja ukiwa hai, na damu yake inatembea. Umelelewa miezi saba."

"Umelelewa wapi?"

"Kwa mlezi," alisema Lyatuu, akaenda kunawa mikono, ingawa alikuwa amevaa glavu.

*

Kesho yake asubuhi walimpeleka chumba cha vipimo kuona kama ukano ule utalifaa goti lake. Daktari alikuwa mchangamfu siku hiyo. Alieleza huku akibonyeza kioo kikubwa kilichofunika ukuta mzima.

Zamani, alisema, kano zilioteshwa kwenye chupa zikatoka laini kama tambi zilizopitiliza motoni. Ukano hauwi ukano mpaka uvutwe. Wakatengeneza mashine za kuzivuta, zikawa imara, lakini kwa upande ule tu mashine ilikovutia. Mchezaji wa kwanza kuwekewa alikimbia mbio za moja kwa moja wiki mbili, siku ya tatu ya mazoezi ya kugeuka ukachanika kama kanga kuukuu. Hakuna mashine ijuayo namna mtu anavyojikwaa, anavyochuchumaa, anavyogeuka ghafla kwa sababu beki kamfuata.

"Ukano hujifunza," alisema. "Unajifunza mwendo wa anayeubeba. Kwa hiyo tazama mwendo wa huu wako."

Kwenye kioo cheusi vikatokea vidoti vya nuru ishirini na kitu, vimepangika kama mtu, vikianza kukimbia. Havikuwa na sura wala jina. Juu yake paliandikwa *Mlezi 14*.

Somoe alicheka. "Si mimi huyu?"

Alikuwa yeye kabisa. Ule mwendo wa kunyata kidogo na bega la kulia kushuka. Kisha ile nusu hatua kabla ya kukata kushoto, aliyoibuni mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne kwenye mchanga wa Msimbati, iliyomwangusha kila beki aliyekutana naye.

"Si wewe," alisema daktari kwa fahari. "Ndiyo maana tunasema kazi imefana."

Vidoti vikasimama, vikajiandaa kukimbia tena. Kabla ya kuondoka, vidoti vya mkono wa kulia vilishuka mpaka kwenye paja vikavuta kitu kisichoonekana, upesi, mara mbili. Mtu anavuta pindo la bukta.

Somoe akaacha kucheka, kwa kuwa mkono ule aliujua.

Miezi minane nyuma, Kocha Nkwabi alimletea msichana wa kikosi cha akiba aitwaye Esha Mtipa, wa miaka ishirini na moja, mkimya, mwenye tabia ya kuvuta bukta kila anapotaka kukimbia. "Nahodha," kocha alimwambia, "mfundishe huyu kila kitu chako. Akitembea, atembee kama wewe." Somoe aliona ni heshima. Alimrudisha Esha mwanzo wa mstari mara mia, mara mia mbili. Bega chini. Rudia. Nusu hatua. Rudia. Mwezi mmoja baadaye Esha alihamishwa, wakaambiwa yuko kwenye mazoezi maalumu, na Somoe akamsahau.

"Daktari," alisema, "mlezi ni mtu?"

"Mlezi ni mfumo mzima, kuna dawa, kuna..."

"Nimekuuliza, ni mtu?"

Lyatuu alizima kioo. "Ulidhani ni nini, Somoe?"

Somoe alikwenda msalani kwa magongo yake, akainama juu ya sinki, na chai yote ya asubuhi ikarudi.

*

Nyumba ya walezi ilikuwa nyuma ya ukumbi wa mazoezi, imezungushiwa michongoma. Somoe alikuwa akipita karibu nayo kila siku kwa miaka minne. Alipofungua mlango, harufu ilimpokea kabla ya mtu: dawa ya kusafishia vidonda, jasho la homa, na kitu kitamu kilichooza, kama nanasi lililosahaulika kabatini.

Esha alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kushoto juu ya mto. Muuguzi alikuwa amechoma sindano nene ubavuni mwa goti na anavuta. Ndani ya bomba ulipanda ute wa manjano wenye vijinyuzi vya damu. Bomba likajaa, akalimimina kwenye kisahani cha chuma, akavuta tena. Goti lenyewe halikuwa na umbo la goti. Lilikuwa jeupejeupe na linang'aa, kama kiazi kikuu kilichomenywa.

"Shikamoo, dada Somoe," alisema Esha, na uso wake ukachangamka kweli. "Wamekwambia, eeh? Walinikataza kukwambia. Ukano umetokea vizuri, umeuona?"

Alipofungua kinywa kusema hayo, Somoe aliuona ulimi wake. Ulikuwa umefunikwa utando mzito mweupe, na pembeni mwa midomo kuna vidonda.

"Marahaba. Kinywa chako kina nini, Esha?"

"Aa, hizi ni dawa tu. Si unajua ni nyama yako, si yangu? Mwili wangu ungeukataa. Kwa hiyo wanaufumba macho mwili usiuone. Sasa na vijidudu vingine navyo hauvioni." Alicheka. "Ukiisha kutoka, naacha dawa, napona."

"Wameuweka wapi?"

"Humu humu, ubavuni mwa wa kwangu. Wamechonga mfupa kidogo papatikane nafasi. Kano mbili, goti moja." Aliligusa goti kwa kidole, na kidole kikaacha shimo lililochelewa kufumba. "Nakimbia saa nne kwa siku, dada. Nakimbia kama wewe."

Muuguzi alibeba kisahani akapita karibu na Somoe. Ule utamu uliooza ulikuwa unatoka humo. Somoe alishika pumzi, akaona haya kwa kuishika, akaona kwamba Esha amemwona.

"Kwa nini ulikubali?"

"Sikukubali. Niliomba." Sasa msichana hakucheka. "Tulikuwa ishirini kikosi cha akiba. Mlezi ambaye ukano wake umepokelewa na kucheza, anapandishwa kikosi cha kwanza. Nitacheza nyuma yako, dada. Kushoto."

"Nani amewahi kupandishwa?"

"Tunu Namkoko, yule aliyemlelea golikipa."

Somoe alimjua Tunu. Alikuwa mfuaji wa jezi za kikosi cha kwanza. Alipobeba kapu la nguo alipanda ngazi kwa mguu mmoja, mwingine anauvuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Somoe alidhani alizaliwa hivyo.

*

Alimkuta Kocha Nkwabi pembeni mwa uwanja, anapuliza filimbi. Mzee huyo mnene alikuwa amemfundisha tangu akiwa binti mdogo, akamwozesha, akamzikia mama yake. Somoe alimweleza alichokiona. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sikiliza, mwanangu. Walezi wengine tunahangaika nao mwaka mzima, na ukano unatoka mkaidi. Huyu wako ulimnyoosha kwa mwezi mmoja. Wewe ni mwalimu bora tuliyewahi kuwa naye."

Sifa hiyo ilimtembea Somoe shingoni kama jongoo.

"Mlinificha."

"Ungejua, ungemfundisha?"

"Nisingemfundisha."

"Basi. Jibu unalo." Alipuliza filimbi, akawapungia wasichana wabadilishe upande. "Na goti lake? Daktari amekwambia?"

Daktari alikuwa amemwambia, baada ya kubanwa. Mfupa uliochongwa haurudi. Ukano wa Esha mwenyewe, kwa kusuguana na mgeni miezi saba, ulikuwa umechakaa kama kamba ya kisima. Atatembea, alisema Lyatuu. Kutembea atatembea.

"Kwa hiyo mnajua hatacheza," alisema Somoe. "Na mnamwambia atacheza."

Kocha alimgeukia. Hakuwa na uso wa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchukiza Somoe zaidi. Alikuwa na uso wa baba aliyechoka.

"Ng'ombe ameshachinjwa, Somoe. Ukikataa nyama hatafufuka. Kinachobaki ni kula au kutupa. Ukila, Afrika nzima itakuona, na yule mtoto atajua hakuteseka bure. Ukitupa, utakuwa umemsaidia nani?"

Somoe alitazama uwanja. Nyasi zilikuwa zimemwagiwa maji asubuhi ile na zinanukia. Alikwisha kuwa na miaka ishirini na tisa. Miezi tisa ya kungoja na mingine ya kurudisha pumzi, safari yake ya mpira ingekuwa imekwisha. Akaitafuta moyoni ile karaha iliyomtapisha msalani, akaikuta ipo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachotafuna kimyakimya. Bado aliutaka ule ukano. Aliuona ndani ya kiazi kile kilichomenywa, mweupe, imara, unaojua kukata kushoto, na mate yalimjaa kinywani kama mwenye njaa. Alijihisi mchafu kuliko kisahani cha muuguzi.

"Mimi sili," alisema.

Akageuka na magongo yake. Hakurudi nyumba ya walezi kumweleza Esha. Alijiambia atakwenda kesho, goti likitulia. Ukweli ni kwamba hakuwa tayari kuivuta tena ile harufu.

*

Alipasuliwa juma lililofuata, hospitali ya serikali, kwa njia ya mababu. Mpasuaji alikuwa mama mmoja mfupi wa Kinyakyusa, Daktari Sekela, mwenye mikono ya mkulima na maneno machache. Alikata kipande chini ya pia ya goti, akakipitisha mfupani, akamfunga.

"Sasa kazi ni yako," alimwambia. "Mimi nimeshona tu."

Somoe alilala kwenye wodi ya wanawake wanane akiwa na maumivu makali, lakini amani tele. Kwa mara ya kwanza tangu aumie alijiona msafi. Waandishi walikuja, akawaeleza yote, kuhusu walezi, dawa na mfupa unaochongwa. Wakinamama wa wodini walisikia, wakamwita shujaa, mmoja akamletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

Siku ya nne, mlango wa wodi ulisukumwa na Tunu Namkoko, anavuta mguu wake, amemshika Esha kwapani. Esha alikuwa anatetemeka. Harufu ilitangulia, ile ile, ila sasa haikuwa na utamu wowote.

"Wamemsimamishia dawa," alisema Tunu kwa Daktari Sekela. "Nahodha alipoukataa, klabu ikasema ukano hauna mwenyewe, na yeye hana kazi. Wakamfungia virago. Sasa mwili umefumbua macho."

Esha alimwona Somoe kitandani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa, lakini sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Ungeniambia," alisema. "Ungekuja uniambie kwanza. Siku tano. Ungenipa siku tano, ningejua la kufanya, ningetafuta dawa mwenyewe. Nilisikia kwa watu kwamba umenitema."

"Esha, sikukutema wewe. Nilikataa walichokufanyia."

"Ulinuna ukatoka. Nilikuona ulivyoziba pumzi. Ulikuwa unajisafisha, dada, mimi hukuniona."

Wakinamama wa wodini waliinamia vyombo vyao.

*

Daktari Sekela alilifungua goti la Esha mchana ule ule. Alitoka baada ya saa tatu, barakoa shingoni, akasema msichana ataishi na mguu utabaki. Ukano wake mwenyewe, ule wa asili, ulikatika ulipoguswa. Usaha ukiisha, miezi sita mbele, atajaribu kumsukia mwingine kutoka nyuma ya paja. Kucheza? Alitikisa kichwa kwa namna isiyokuwa ndiyo wala hapana. Ripoti ameshaiandika, na Tunu amekwenda kuwaleta walezi wengine wapimwe. Kati ya kumi, saba wamekubali kuja. Watatu wamejifungia ndani, wanakimbia kwenye mashine.

Vitanda viliwekwa sambamba. Jioni, Esha alipozinduka vizuri, daktari alikuja na chupa ya kioo na karatasi.

"Sheria ya viungo," alisema. "Kitu hai kikitoka mwilini hakichomwi bila sahihi ya mwenyewe. Nafasi ni moja." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Chembe ni za Somoe. Lakini nimeutoa kwa Esha. Sasa sijui. Mtaniambia ninyi."

Ndani ya chupa ulikuwepo ule ukano. Mrefu kama kidole cha shahada, mweupe wa lulu, umejisokota kidogo kama kamba iliyosukwa na fundi. Upande mmoja homa ya Esha ilikuwa imeanza kuula, nyama imelegea na kuning'inia vijinyuzi vya kijivu vinavyoyoyoma majini. Lakini upande wa pili ulikuwa mzima, na ulikuwa mzuri. Somoe hakuwahi kuona kitu kilichomkirihi na kumvutia kiasi kile. Alijilazimisha kutazama, akahesabu pumzi, hakugeuza uso.

Alichukua kalamu kwa daktari, akainyoosha mpaka kitanda cha pili.

"Ni wako," alisema. "Mimi nilitoa ngozi tu."

Esha hakuipokea upesi. Aliomba glavu. Daktari alisita, kisha akampa, akamfungulia chupa, na uvundo ukajaa kati ya vitanda viwili. Esha aliutoa ukano ule kwa vidole, akauweka kiganjani, akauvuta ncha kwa ncha. Ulikataa kukatika. Aliuvuta tena kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nao ukakataa. Machozi yakamshuka bila sauti.

"Ungefika fainali," alisema.

"Ungefika," alisema Somoe.

Esha aliurudisha majini, akavua glavu, akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, pole pole, herufi kubwa, akapitiliza mstari. Somoe alinyoosha mkono kumshika bega.

"Usiniombe radhi," alisema Esha, akiurudisha mkono ule ulikotoka. "Leo usiniombe. Vuta tu hilo pazia, taa inaniumiza macho."

Somoe alijiinua, goti likipiga kelele, akaenda kulivuta.